Kutoka Hurumzi Hadi Mkunazini kwa Miguu

Katika vitabu vingi vya kumbukumbu vya hekalu letu, kurasa za mwanzo hutengwa kwa ajili ya wale waliojenga: waliotoa kiwanja, waliotoa chokaa na boriti, waliotoa kengele na taa. Hiyo ni haki yao, wala hatukusudii kuipunguza. Hata hivyo, tulipokutana kutayarisha toleo hili la maadhimisho, tulitambua kwamba historia tunayoisimulia kila mara huishia kizingitini. Tunajua sana yaliyotendeka ndani ya kuta hizi. Tunajua kidogo mno yaliyotendeka hatua mia moja nje yake, ambako babu zetu waliuza, walikopesha, walidaiwa na kuishi na majirani.

Basi Jumapili moja, baada ya ibada ya asubuhi, tulivaa viatu tulivyokuwa tumeviacha mlangoni, tukatoka. Walikuwamo wazee wetu watatu, vijana kadhaa waliozaliwa Mji Mkongwe lakini wanaoujua zaidi kwa njia ya kwenda shule na kurudi, na majirani zetu Waislamu wa mtaa waliokubali mwaliko. Mmoja wao, mzee ambaye baraza la nyumba yake tumelikalia wengi wetu tangu utotoni, alituuliza kwa mzaha: "Mnakwenda kutafuta nini, nanyi mmezaliwa humu humu?" Hatukuwa na jibu zuri wakati ule.

Tulianzia Hurumzi. Wengi hupita hapa wakiwa na haraka, na jina lenyewe wamelizoea kiasi cha kutolisikia tena. Wenyeji husimulia kwamba limetokana na neno uhuru. Tarehe 6 Aprili 1897 Sultani Hamoud bin Muhammad alitia saini amri ya kuondoa hadhi ya kisheria ya utumwa Unguja na Pemba, na inasimuliwa kwamba katika nyumba kubwa ya mtaa huu ndimo mabwana walimolipwa fidia kwa ajili ya watumwa walioachwa huru. Tuliwaomba vijana wairudie sentensi hiyo polepole. Waliolipwa ni mabwana. Aliyeachwa huru aliondoka na uhuru wake, bila kitu kingine mkononi. Nyumba hiyo yenyewe inahusishwa na Tharia Topan, Khoja wa Ismailia aliyetoka Kutch akawa miongoni mwa matajiri wakubwa wa Zanzibar, yule yule aliyeanzisha mwaka 1887 jengo la hospitali pale Mizingani ambalo leo wageni hulipiga picha kwa ajili ya roshani zake.

Kutoka hapo tulitembea tukitazama milango. Watalii huambiwa kwamba milango ya Zanzibar ni ya Kiarabu, na mara nyingi maelezo huishia hapo. Ukitembea bila haraka utaona kwamba iko ya namna nyingi. Ule wenye misumari mikubwa ya shaba na mbao zilizogawanywa katika miraba midogo, unaokunjika vipande vipande, ni mlango wa Kigujarati, na mara nyingi utaukuta kwenye mitaa ya maduka. Nyuma yake nyumba ilijengwa kwa mpango maalumu: duka mbele, maskani nyuma na juu. Kwenye nakshi tulihesabu maua ya yungiyungi, minyororo, samaki na matawi ya mtende. Mafundi wa mji huu walichonga kwa ajili ya wateja wa dini mbalimbali, na si rahisi kusema ua fulani ni la nani. Yungiyungi tunalolijua sisi kwenye picha za Lakshmi tulilikuta pia juu ya mlango wa nyumba ambayo haikupata kukaliwa na Mhindu hata siku moja, kwa maelezo ya mwenye nyumba.

Mzee wetu mmoja alitufundisha jambo ambalo hatukupata kulifikiri. Alituingiza kwenye ukumbi wa nyumba moja, akatuambia tunyooshe mikono. Vyumba vya Mji Mkongwe ni virefu lakini vyembamba, kwa sababu upana wake ulipangwa na urefu wa boriti za mikoko zilizokatwa kwenye maji ya mwambao. Sultani na muuza viungo walilala chini ya dari za upana ule ule. Ukuta ni mawe ya matumbawe na chokaa, na mvua ikiingia boriti huoza, kisha dari huanguka, kisha ukuta hutoa tumbo. Tulipita viwanja vitatu vya namna hiyo, vilivyokuwa nyumba, sasa vimeota mipapai. Kimoja bado kina ukuta wa nyuma wenye madirisha mawili ya ghorofa ya pili yanayotazama hewa tupu.

Kisha tukateremka Forodhani. Jioni watu wa mji na wageni hujaa pale kula mishikaki na kunywa maji ya miwa, na ni wachache wanaokumbuka kwamba jina linataja forodha, mahali pa kulipia ushuru. Hapo ndipo historia ya jamii yetu katika mji huu ilipokuwa na nguvu kuliko mahali pengine popote, na hapo ndipo matembezi yetu yalipoanza kuwa mazito.

Seyyid Said bin Sultan alipokuwa akihamishia makao yake kutoka Muscat katika miaka ya 1830 na 1840, hakuwa na maofisa wa kukusanya kodi. Alikodisha forodha. Mfanyabiashara alimlipa Sultani kiasi kilichopatanwa kwa mwaka, kisha yeye mwenyewe akatoza ushuru bandarini na kujilipa. Kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo mkodi alikuwa Jairam Shivji, Mbhatia, ambaye nyumba yake ya biashara ilitokea Mundra, Kutch. Mikataba ambayo Sultani alifunga na Marekani mwaka 1833 na Uingereza mwaka 1839 iliweka ushuru wa asilimia tano kwa bidhaa zilizoingizwa, na nguo ya pamba iliyoletwa na merikebu za Salem, Massachusetts, ile tunayoiita marekani mpaka leo, ilipita mikononi mwa makarani wa Jairam. Richard Waters, konseli wa kwanza wa Marekani hapa, aliona upesi kwamba hakuna biashara bila kuelewana na mkodi wa forodha. Mwaka 1857, Burton na Speke walipojitayarisha kwenda kuyatafuta maziwa ya bara, forodha ilikuwa chini ya Ladha Damji, wakala wa nyumba hiyo hiyo, na walipita kwake kama kila mtu. Sultani mwenyewe alikopa humo. Aliyekusanya kodi ya dola akawa pia mdai wa dola.

Tulisimama karibu na Ngome Kongwe tukiyasimulia haya kwa fahari kidogo, hatukatai. Watu waliotoka kwenye nchi kame, wakavuka bahari na upepo wa kaskazi, wengi wao bila wake zao, wakala mboga na nafaka na kulala juu ya maduka yao, kisha daftari zao zikawa ndizo zinazoendesha bandari kubwa kuliko zote katika pwani hii! Kijana mmoja alisema kwamba hata Gandhi alipita hapa. Ni kweli. Mwaka 1893, akiwa wakili kijana anayekwenda Durban, meli ilimchelewesha Zanzibar kwa siku nane au kumi. Yeye mwenyewe ameeleza katika habari za maisha yake kwamba alipanga chumba mjini akazungukazunguka kuitazama nchi, akastaajabia ukijani wa miti yake. Hakutaja mtaa. Kwa hiyo kila kichochoro kina haki ya kudai kwamba alikikanyaga, na wazee wetu wameitumia haki hiyo bila kipimo.

Ndipo yule mzee jirani yetu alipouliza swali lake la pili, safari hii bila mzaha. "Na sisi je? Katika daftari hilo la forodha, sisi tumeandikwa upande gani?"

Mkutano wetu wa maandalizi uliwahi kulikwepa swali hili. Baadhi yetu walisita wakisema kitabu cha sherehe si mahali pake. Lakini alikuwa ameliuliza mwenyeji wetu, mbele ya vijana, na mahali penyewe ni Forodhani. Jibu ni hili. Pembe za ndovu, sandarusi, karafuu na nguo vililipiwa ushuru, na watu nao pia. Mtumwa aliyeletwa kutoka bara alilipiwa kwa kila kichwa kama bidhaa nyingine, na pato hilo liliingia kwenye hesabu ya mkodi wa forodha. Zaidi ya hayo, misafara iliyokwenda bara ilinunua mali yake kwa mkopo, na wakopeshaji walikuwa Wahindi, Wahindu kwa Waislamu. Wengine walimiliki watumwa majumbani na mashambani. Mwaka 1860 Christopher Rigby, konseli wa Uingereza, alipowalazimisha Wahindi wawaache huru watumwa wao kwa kuwa aliwahesabu kuwa raia walio chini ya himaya ya Waingereza, walioachwa huru walikuwa maelfu. Si mmoja wala wawili waliotenda kinyume cha desturi. Maelfu.

Tulitoka Forodhani kimya kidogo, tukapita kando ya Ngome Kongwe, tukashika mtaa wa Gizenga na kuingia ndani kuelekea Sokomhogo. Njiani vijana walijaribu kutuchangamsha kwa mchezo wa maneno: nani atataja neno la Kiswahili lililovuka bahari pamoja na babu zetu. Gari, gunia, bima, laki, rupia, pesa, chapati, bangili. Kisha mmoja akasema bepari. Neno hili ni vepari la Kigujarati, na maana yake kwetu ni mfanyabiashara tu, yule anayefungua duka asubuhi na kulifunga jioni. Katika Kiswahili limepanda cheo au limeshuka, msomaji ataamua mwenyewe, mpaka likazaa ubepari na kuingia kwenye hotuba za siasa za nusu ya pili ya karne iliyopita. Si maneno mengi duniani yaliyotoka kwenye kaunta ya duka la mchele yakafika kwenye nadharia ya uchumi.

Na iko methali. Kila mtoto wetu ameisikia shuleni, na wengi walirudi nyumbani siku hiyo wakiwa na hasira: Baniani mbaya, kiatu chake dawa. Tuliijadili tukiwa tumekaa kwenye baraza la Sokomhogo, majirani wakicheka na sisi tukicheka pia. Wazee wengine husema inasifu, kwamba hata usiyempenda ana kitu cha kukufaa. Sisi tunadhani inasema jambo lililo karibu zaidi na ukweli wa mji huu. Watu walitusema kwa sababu walituhitaji, na walituhitaji zaidi walipokuwa na shida. Mwenye shamba la karafuu aliyeharibikiwa na kimbunga cha tarehe 15 Aprili 1872, kilichoangusha mikarafuu mingi ya Unguja, alikwenda kwa nani? Alikwenda kukopa. Shamba likawekwa rehani, na rehani ikarithiwa na watoto wa pande zote mbili. Miaka sitini baadaye, katika mwaka 1934, Serikali ya himaya ilitunga sheria kuzuia mashamba yasihamie kwa wadai, ikalipa shirika la wakulima nguvu juu ya biashara ya karafuu. Wafanyabiashara wa Kihindi wakagoma kuinunua karafuu ya Zanzibar katika mwaka 1937 na 1938, na India ikawaunga mkono. Tulipokuwa watoto, mgomo huo tulisimuliwa kama ushujaa. Jirani yetu alisimuliwa na baba yake, mkulima mdogo, kama mwaka ambao karafuu haikununuliwa.

Kutoka hapo mpaka Mkunazini si mbali. Kanisa kuu la Anglikana limesimama mahali palipokuwa soko la watumwa. Tarehe 5 Juni 1873 Seyyid Barghash, akishinikizwa na John Kirk, alitia saini mkataba wa kupiga marufuku biashara ya watumwa kwa njia ya bahari, na masoko ya watumwa yakafungwa. Jiwe la msingi la kanisa liliwekwa Krismasi ya mwaka huo huo. Askofu Edward Steere, aliyesimamia ujenzi, ndiye pia aliyetunga kitabu cha sarufi ya Kiswahili ambacho wageni wengi walijifunzia lugha yetu. Nje ya kanisa, ndani ya shimo, ziko sanamu za watu waliofungwa minyororo shingoni, kazi ya Clara Sörnäs wa miaka ya 1990. Hapo wageni husimama na kunyamaza, nasi tulisimama tukanyamaza.

Lakini kuna jambo la Mkunazini ambalo wageni hawaelezwi kila mara, na ambalo wengi katika jumuiya yetu hawakulijua kabla ya siku hiyo. Sehemu ya kiwanja cha soko ilinunuliwa na misheni. Sehemu nyingine, pamoja na nyumba iliyokuwa juu yake, ilitolewa bure na mfanyabiashara Mhindu ambaye jina lake limeandikwa Jairam Senji. Tulipolisoma hilo kwa sauti, tuliona nyuso za vijana zikipata nafuu, kana kwamba hesabu imesawazika. Mzee wetu mwenye umri mkubwa kuliko wote aliwakatiza. Alisema kwamba yeye alikuwa mwenye duka kwa miaka hamsini na anajua kutofautisha kati ya malipo ya deni na zawadi, na kwamba katika daftari mambo hayo mawili hayaandikwi kwenye mstari mmoja. Andikeni yote mawili, alisema, kila moja na tarehe yake. Ndivyo tulivyofanya hapa.

Tulitokea Darajani, kwenye soko lililofunguliwa mwaka 1904, katikati ya samaki, viungo na kelele za daladala. Watu wa Unguja husema Darajani kila siku bila kuuliza daraja liko wapi. Daraja lilikuwapo. Barabara ya Benjamin Mkapa, ambayo wazee bado huiita Creek Road, ilikuwa hori la bahari, na mji wa mawe ulikuwa karibu kisiwa, ukizungukwa na maji maji yanapojaa. Waliokaa upande wa pili walikuwa Ng'ambo, na jina hilo limebaki hata baada ya hori kufukiwa kidogo kidogo mpaka miaka ya 1950. Ukisimama katikati ya barabara hiyo, kwa hadhari ya magari, unasimama mahali ambapo maji yaligawa tajiri na maskini, jiwe na udongo, sisi na wao. Leo ni lami na vituo vya daladala.

Baada ya Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964, mgawanyo huo ulivunjwa kwa njia nyingine. Familia nyingi za Kihindi ziliondoka, nyingine zikaenda Dar es Salaam, nyingine India na Uingereza. Nyumba nyingi zilichukuliwa na Serikali na kupewa watu waliotoka Ng'ambo na mashamba. Katika jumuiya yetu wapo ambao mpaka leo hawapiti kwenye mitaa fulani, kwa sababu hawataki kuutazama mlango fulani. Hatuwalaumu. Sisi wenyewe tulikuwa tumepanga kurudi moja kwa moja kwa njia ya Changa Bazaar, ambayo ni fupi, wala hatukupanga kupita Kiponda.

Aliyetupitisha Kiponda ni jirani yetu, kwa sababu dada yake anakaa huko. Nyumba ni ya zamani, mlango wa miraba, duka la mbele limezibwa na kuwa chumba cha watoto. Bibi mwenyeji alitukaribisha ndani, akatupatia chai ya tangawizi, akasikia tulikotoka. Kisha akatupeleka ghorofani, kwenye chumba chake cha kulala. Katika ukuta unaotazama mashariki kulikuwa na kidaka, nakshi yake imepakwa chokaa mara nyingi hata kuviringika. Ndani yake aliweka msahafu wake, umefungwa kwa kitambaa cha kijani. Juu ya msahafu, kwenye tao la kidaka, palikuwa na masizi meusi ya taa.

"Niliyakuta," alisema. "Chumba chote tumekipaka chokaa kila mwaka wa Mungu. Hapo sikupapaka. Nilijua palikuwa pa watu."

Mzee wetu aliinua mkono kana kwamba anataka kupagusa, kisha akaurudisha. Waliuliza habari za afya, watoto na wajukuu, wakaongea mpaka adhuhuri ilipoadhiniwa, nasi tukaaga.

Matembezi yajayo yataanzia hapa hekaluni, Jumapili ya kwanza baada ya maadhimisho, saa mbili asubuhi, na yataelekea Malindi na Bandarini. Majirani wote wanakaribishwa. Mwenye hati ya zamani, daftari la duka, picha au ufunguo ambao mlango wake haujulikani, tunamwomba aje nao. Viatu vya kutembelea viwe imara, kwa maana kokoto za Malindi ni kali.